Kiingereza cha Mapokezi

"Don't you have hot water?" mgeni anauliza mapokezi katika hoteli ya ufukweni Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Mhudumu anajua hita imeharibika tangu asubuhi, kwa hiyo anajibu kwa adabu: "Yes." Mgeni anashukuru na kwenda kuoga. Muda si mrefu amerudi kaunta, nywele zimejaa povu, na hasira juu.

Mhudumu hakudanganya. Kwa Kiswahili, ukiulizwa "Hamna maji ya moto?" na kweli hamna, unaitikia "Ndiyo." Kiingereza kinataka "No." Dawa yake ni kujibu kwa sentensi nzima: "There is no hot water now. We are repairing it." Hapo hakuna wa kukosea.

Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000 kutoka nje, wakiwamo Waitaliano, Wafaransa, Wajerumani na Wapolandi. Kwa wengi wao Kiingereza si lugha ya kwanza, kama ilivyo kwa mhudumu mwenyewe. Ndiyo maana sentensi fupi iliyonyooka inafanya kazi kuliko maneno ya fahari yaliyokaririwa.

Kisha kuna saa. Boti ya asubuhi ya kwenda Dar es Salaam inaondoka saa moja, na mhudumu aliyechoka na zamu ya usiku anaweza kumwambia mgeni "one o'clock." Mgeni atalala hadi jua liwake, na boti haitamsubiri. Aseme "seven in the morning," kisha aandike 7:00 am kwenye karatasi na kumkabidhi. Ghorofa nazo zina mtego wake: "first floor" ya Mwingereza iko juu ya ngazi, ya Mmarekani ndiyo ile ya chini kabisa.

Mahali pasipo na mchezo hata kidogo ni mezani. Mgeni akisema "I'm allergic to nuts," huenda anamaanisha korosho na lozi, huenda na karanga pia, na jiko la pwani lina kuku wa karanga, kashata na mchuzi ambao mpishi peke yake ndiye anayejua umeungwa na nini. Wapo watu ambao punje moja tu inawabana pumzi ndani ya dakika chache. Kumjibu mtu huyo "No problem" kabla ya kufika jikoni ni hatari. Mhudumu aulize, "Peanuts too?" kisha aseme, "Let me ask the chef," na aende kweli. Hakuna sentensi yenye thamani kubwa zaidi katika hoteli nzima.

Malalamiko nayo yana lugha yake. "Sorry" ikirudiwa mara tano haiwashi kiyoyozi. Mgeni anataka kujua nani anakuja na lini: "The technician will be there in ten minutes." Na dakika kumi ziwe kumi.

Mswahili naye huwa mgeni ugenini. Anayekwenda Dubai kununua bidhaa aulize kabla ya kusaini, "Is breakfast included?" Akidaiwa "deposit" aulize, "When will I get it back?" Hoteli nyingi huizuia fedha hiyo mpaka mteja atoke, na aliyebeba hela ya hesabu anaweza kukwama.

Vyuo vya fani hii vipo: Chuo cha Utalii cha Kenya kimefundisha tangu 1975, na Tanzania ina Chuo cha Taifa cha Utalii. Lakini nyumba nyingi ndogo za wageni huajiri vijana wa jirani ambao hawajapita huko. Wenye nyumba hizo watenge nusu saa kabla ya zamu, kila idara na sentensi zake: mapokezi saa na bili, usafi taulo na chandarua, mezani mzio. Waanze na mezani.