Chunjua si funza: Fahamu dalili, kinga na tiba yake

KATIKA vijiji vingi vya Kaunti ya Kwale, mtoto anapolalamika kuwa unyayo unamuuma, jambo la kwanza linalowajia wazazi ni funza. Hutafutwa pini au mwiba, na unyayo ukachokolewa. Hata hivyo, si kila doa jeusi lililo unyayoni ni funza. Huenda ikawa ni chunjua, na kuichokoa ni kuieneza.

Chunjua husababishwa na virusi vya papiloma, maarufu kama HPV, ambavyo vina aina zaidi ya 200. Virusi hivyo hupenya kupitia michubuko midogo ya ngozi, hasa ngozi iliyolowa maji. Uvimbe hujitokeza baada ya wiki kadhaa au hata miezi, ndiyo maana ni vigumu mgonjwa kujua alikoupata.

Funza huwasha sana, hukaa zaidi kandokando ya kucha na vidole, na huonekana kama kivimbe cheupe chenye doa moja jeusi katikati. Chunjua ni ngumu na yenye kukwaruza, hukatiza mistari ya ngozi, na mara nyingi huwa na vidoa vyeusi vingi vidogo, ambavyo ni mishipa ya damu iliyoziba. Huuma zaidi inapobanwa kutoka pande zake.

Wauza nyama na wanaoshughulikia samaki huambukizwa chunjua za mikono kuliko watu wengine, kwa kuwa mikono yao hulowa na kukatika mara kwa mara. Kwa hivyo wachuuzi wa samaki wa Msambweni, Gazi na Shimoni wanashauriwa kufunika majeraha na kukausha mikono baada ya kazi. Katika bafu za pamoja na kando ya vidimbwi vya kuogelea, kama vile vya hoteli za Diani, ni vyema kuvaa kandambili. Taulo, wembe na pini havifai kutumiwa na watu wawili. Pini yenye damu yaweza pia kuambukiza virusi vya ukimwi na homa ya ini.

Chanjo ya HPV iliyozinduliwa Mombasa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10 inalenga saratani ya mlango wa kizazi. Haizuii chunjua za kawaida za mikono na miguu.

Kuhusu tiba, chunjua nyingi za watoto hupona zenyewe katika muda wa miaka miwili. Anayetaka kuharakisha anaweza kununua dawa ya asidi ya salisiliki katika duka la dawa. Chunjua hulowekwa kwa maji ya vuguvugu, husuguliwa taratibu, kisha hupakwa dawa kila siku kwa hadi wiki 12. Wahudumu wa afya pia huweza kuigandisha kwa naitrojeni ya majimaji.

Wapo wanaotumia utomvu wa mnyaa au mafuta ya ganda la korosho. Vyote viwili huunguza ngozi, na utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaweza kupofusha.

Wengine hutumia homeopathia, tiba iliyoasisiwa na Mjerumani Samuel Hahnemann mwaka 1796, ambayo kwa chunjua hutoa dawa ya mti wa thuja iliyozimuliwa mno. Mwaka 1992, watafiti wa Quebec, Kanada, waliwagawa wagonjwa 174 wa chunjua za nyayo. Baadhi walipewa dawa za homeopathia na wengine vidonge visivyo na dawa. Waliopona katika makundi hayo mawili hawakutofautiana. Kwa kuwa chunjua hupona yenyewe, ni rahisi dawa yoyote kupewa sifa isiyostahili.

Wenye kisukari wasijitibu miguu nyumbani. Chunjua za usoni au sehemu za siri zisipakwe asidi ya dukani. Zinazotoka damu, zinazobadilika rangi au zinazoongezeka kwa kasi kwa mtu mzima zichunguzwe katika kituo cha afya au Hospitali ya Msambweni, kwani chunjua nyingi zenye ukaidi huweza kuashiria kinga ya mwili iliyodhoofika. Kabla ya kushika pini, basi, mzazi na autazame unyayo vizuri mwangani.