Vibonzo na Sisi (Sehemu ya Nne): Kikosi Kilichomchukua Mleta Mvua

Filamu ya The Fantastic Four: First Steps ilitoka Julai 2025, na nyingine, Avengers: Doomsday, imetangazwa kutoka Desemba 2026. Huku kwetu Kitui na Makueni vijana wanazijua nyuso za mashujaa hao kuliko wanavyozijua nyuso za madiwani wao. Wamekutana nazo kwenye simu, kwenye mabanda ya video na kwenye fulana za mitumba siku ya soko. Vibonzo vyenyewe, vile vya mwanzo kabisa vilivyozaa filamu hizo zote, karibu hakuna anayevisoma. Mimi nimependa hadithi za picha tangu utotoni, lakini hata mimi sikuwa nimewahi kuvifuata vikosi hivyo toleo baada ya toleo tangu la kwanza. Sasa nimefanya hivyo, na niliyoyaona yamenifanya niahirishe makala niliyowaahidi kuhusu wachoraji wa Mombasa.

Msomaji aliyefuata mfululizo huu atakumbuka kwamba mashujaa tuliowajadili mpaka sasa ni watu pekee. Juha Kalulu wa Edward Gitau anatangatanga na ujinga wake mwenyewe. Joe, yule wa jarida la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, anahangaika na mji peke yake. Lance Spearman na kofia yake anawashinda wahalifu. Hata David Maillu, mzaliwa wa Kilungu hapa Makueni, alipoandika The Equatorial Assignment mwaka 1980, alimuumba jasusi mmoja tu, Benni Kamba 009, akamtwika bara zima mgongoni. Kwa hiyo swali langu la leo ni hili: nani aliyefikiria kwanza kuwaweka mashujaa wengi katika hadithi moja, na kwa nini?

Jibu linaanza na biashara. Mwishoni mwa mwaka 1940, toleo la 3 la All Star Comics huko Marekani liliwakalisha mashujaa wanane kwenye meza moja na kuwaita Justice Society of America. Mtunzi alikuwa Gardner Fox, mtu aliyesomea uanasheria, na mhariri Sheldon Mayer. Ukilisoma leo utashangaa: hawapigani bega kwa bega hata kidogo. Wanakaa, wanakula, kisha kila mmoja anasimulia kisa chake, na kila kisa kimechorwa na mchoraji wake. Lengo la wachapishaji lilikuwa kuwatangaza mashujaa ambao hawakuwa na jarida lao wenyewe. Ndiyo maana kulikuwa na kanuni moja ya ajabu. Shujaa akipendwa mpaka akapewa jarida lake, anaondoka kikosini na kubaki mwanachama wa heshima. Flash aliondoka hivyo, na Green Lantern akamfuata.

Naikemea kanuni hiyo hata baada ya miaka zaidi ya themanini. Kikundi ambacho mtu hukihama siku anapofanikiwa ni ngazi ya kupandia tu. Tumeviona vyama vya namna hiyo vijijini mwetu, ambavyo mwanachama akishanunua pikipiki ya pili haonekani tena kwenye mkutano, na wanaobaki ni wale ambao mambo yao hayajanyooka.

Kuna jambo lililoniudhi zaidi. Wonder Woman, binti aliyebuniwa na William Moulton Marston na kuchorwa na H. G. Peter, alitokea mara ya kwanza katika jarida hilohilo la All Star Comics, toleo la 8. Ana nguvu za kuwashinda karibu wote waliokaa mezani. Mwaka 1942 alikaribishwa kikosini, akapewa kazi ya ukarani. Wanaume wanakwenda vitani, yeye anabaki na kalamu na daftari la kumbukumbu. Yeyote aliyewahi kusimama kando ya mto mkavu wa Kitui akawaona akina mama wakipitishiana mawe ya kujengea bwawa atajua kwamba mpangilio huu uliandikwa na watu ambao hawakuwahi kuona kazi ya pamoja ikifanyika.

All Star Comics iliacha kuchapisha mashujaa hao mwaka 1951. Walirudi kwa sura nyingine mwaka 1960, katika toleo la 28 la The Brave and the Bold, wakiitwa Justice League, na mtunzi akiwa Fox yuleyule. Hapo wanapambana na kiti cha pwani (samaki-nyota) mkubwa kutoka angani. Nitalipita toleo hilo upesi. Lina rangi nzuri na michoro safi ya Mike Sekowsky, lakini wote wanaongea kwa sauti moja na hakuna anayemkasirikia mwenzake.

Kisha ukafika mwaka 1961. Stan Lee na Jack Kirby walitoa toleo la kwanza la The Fantastic Four lililoandikwa Novemba, na ndani yake kuna kitu ambacho hakikuwahi kuonekana katika vibonzo vya mashujaa: familia inayogombana. Reed Richards ni msomi asiyesikiliza. Johnny Storm ni kijana mwenye hasira. Dada yake Sue anaweza kutoonekana. Ben Grimm, rubani wao, amegeuka jitu la ngozi ngumu kwa sababu ya safari ambayo yeye mwenyewe alionya kwamba ni ya hatari, na hamsamehei Reed. Matoleo mawili ya kwanza hawavai hata sare. Sare zinakuja toleo la tatu. Katika toleo la 9, la Desemba 1962, wanafilisika. Reed amepoteza fedha zao kwenye soko la hisa, na mashujaa wa dunia wanalazimika kukubali kibarua cha kuigiza filamu iliyolipiwa na adui yao Namor. Nililisoma toleo hilo usiku mmoja na kulirudia asubuhi. Shujaa aliyekosa kodi ya nyumba ni shujaa ninayeweza kumweleza mwanafunzi wa Mutomo akanielewa.

Jambo la Sue lazima niligusie. Wasomaji waliandika barua wakilalamika kwamba binti huyu hana mchango. Watunzi waliwajibu ndani ya hadithi yenyewe, toleo la 11, ambako Reed anamtetea kwa kumtolea mfano wa mama yake Abraham Lincoln: eti mama huyo pia hakupigana, ila alimlea mtu mkubwa. Utetezi huo ni dhaifu, na nadhani walijua. Mapema mwaka 1964, katika toleo la 22, walimpa Sue ngao ya nguvu isiyoonekana, na tangu hapo wenzake wengi waliokolewa na mkono wake. Hapo ndipo ninapompenda mtunzi: anapokosea mbele ya watu, akasikia, akarekebisha.

The Avengers, waliotoka Septemba 1963, wanastahili sifa moja kubwa kwangu. Hulk aliwaacha katika toleo la pili tu, kwa sababu aliona hawamtaki. Na mwezi Mei 1965, toleo la 16, waanzilishi waliobaki waliomba mapumziko wakamwachia Captain America kikosi cha watu watatu ambao wote walikuwa wametoka upande wa wahalifu: Hawkeye, Quicksilver na Scarlet Witch. Watatu hao wanambishia kiongozi kila ukurasa. Kazi inafanyika hivyohivyo.

Sasa nifike nilikotaka kufika. X-Men walianza mwezi uleule wa Septemba 1963: wanafunzi watano na mwalimu wao, Profesa Xavier, aliyetembea kwa kiti cha magurudumu. Jarida halikuuza. Kuanzia toleo la 67 mwaka 1970 lilikuwa likirudia tu hadithi za zamani. Mwaka 1975 Len Wein na mchoraji Dave Cockrum waliandaa toleo maalumu, Giant-Size X-Men, ili kulifufua. Kikosi cha zamani kimenaswa kwenye kisiwa kinachoitwa Krakoa, ambacho chenyewe ni kiumbe hai, na Profesa anazunguka dunia kutafuta watu wapya. Anakwenda Ujerumani, Kanada, Japani, Siberia. Na anakuja Kenya.

Hapa Kenya anamkuta Ororo, ambaye dunia inamjua kwa jina la Storm. Kuna ukame. Wanakijiji wanamwomba mvua, wakimwona kuwa mungu, naye anawanyeshea. Kisha Profesa anatokea na kumweleza kwamba yeye si mungu, ni binadamu mwenye kipawa, na kwamba ana wajibu kwa dunia nzima. Ororo anakubali, anaondoka. Baadaye, katika toleo la 102 la mwaka 1976, tunaambiwa kwamba mama yake alikuwa binti wa kifalme wa Kenya na baba yake mpigapicha Mmarekani, na kwamba aliwapoteza wote wawili Cairo wakati wa vita vya Suez vya 1956.

Nilipowaonyesha wanafunzi kurasa hizo, msichana mmoja wa kidato cha pili aliuliza, "Mwalimu, alipoondoka, mvua ilibaki na nani?"

Hadithi haijishughulishi na swali hilo. Wanakijiji ni umati tu wa kumtukuza mtu mmoja, na mtu huyo akishachukuliwa, kamera inamfuata angani. Siwalaumu Wein na Cockrum kwa kumleta Ororo. Mwanamke Mwafrika katikati ya kikosi, mwaka 1975, lilikuwa jambo la kijasiri, na mwaka 1980 alipewa uongozi wa kikosi hicho. Ninachokipinga ni wazo kwamba kijiji chenye kiu kilikuwa kikisubiri mtu mmoja. Wazee wa Ukambani walipopeleka sadaka ithemboni, mahali pa ibada chini ya mti mkubwa, walikwenda kwa niaba ya watu wote, na wakirudi kila mtu alikuwa na jembe la kushika. Marehemu Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango hapa Kitui, aliyekusanya hadithi za Wakamba na kuzichapisha mwaka 1966, alitumia maisha yake kutufundisha kwamba mtu wa Afrika yupo kwa sababu ya wenzake.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule msichana lilikuwa mwethya, yaani wanakijiji wanaokusanyika kufanya kazi pamoja. Mvua ilibaki na mwethya. Mito yetu mingi, Kiindu, Kaiti, Thwake na mingine, hujaa kwa siku chache za masika na vuli kisha ikabaki mchanga mtupu. Watu hukutana, wakajenga ukuta wa mawe na saruji ukivuka mto hadi kwenye mwamba. Mafuriko yanapokuja huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta msimu baada ya msimu, na maji hujificha katikati ya chembe zake. Kati ya robo na theluthi ya kile unachokiona kuwa mchanga mkavu huwa ni maji. Jua haliyafikii, mbu hawazaliani humo, na mama akichimba kwa mikono yake anayapata miezi kadhaa baada ya mvua kukatika. Kitui ina mamia ya mabwawa hayo ya mchanga. Hakuna hata moja lililojengwa na mtu mmoja.

Na kama wachoraji wetu wanataka kikosi cha kihistoria, wakiangalie cha mwaka 1938. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewanyang'anya Wakamba wa Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, ng'ombe wapatao 2,500 kwa kisingizio cha kupunguza mifugo ili kuokoa ardhi. Kiwanda cha nyama cha Liebig kule Athi River kilihitaji ng'ombe wa bei ya chini. Muindi Mbingu na wenzake wa Ukamba Members Association hawakuchukua mishale. Mwezi Julai waliwaongoza watu zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, wakatembea hadi Nairobi, wakapiga kambi wakitaka kumwona Gavana Brooke-Popham. Walikaa wiki nyingi. Gavana aliishia kwenda Machakos kuzungumza na watu, na kabla ya mwaka kwisha unyang'anyi wa lazima ulisimamishwa. Mbingu mwenyewe alihamishiwa Lamu kwa nguvu, na watu wakaendelea bila yeye. Picha hiyo inachoreka: umati uliojaa fremu nzima, vumbi, vibuyu, watoto mgongoni. Kirby angeipenda.

Nafasi imenibana, na sijagusa bado jambo lililonifanya nishike kalamu, yaani wapi mtoto wa Kibwezi au Mwingi atavisoma vibonzo hivi, vya kigeni na vya kwetu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la maktaba, na katika orodha hiyohiyo limeweka majumba ya sinema na maonyesho ya video. Kaunti zetu mbili, basi, zina mamlaka juu ya banda la video na juu ya rafu ya vitabu kwa pamoja. Mwingi ina maktaba ya umma inayofanya kazi. Naomba wawakilishi wadi wa Kitui na Makueni, bajeti ijayo ikisomwa, watenge fungu la vibonzo: Shujaaz, ambayo tangu 2010 imewafikia vijana wa Kenya bila malipo na yenye vijana wanne badala ya mmoja, Pichadithi za Terry Hirst, kama nakala zake bado zinapatikana, na juzuu moja moja za vikosi nilivyovitaja leo. Mkutubi asiviweke kwenye kona ya watoto wadogo. Aviweke karibu na vitabu vya historia.

Katika sehemu ya tano tutaanzia toleo la 94 la X-Men, la Agosti 1975, Chris Claremont anaposhika kalamu na Ororo anapoanza kuishi na wenzake nyumba moja.