Gari la Kale: Je, Ukarabati Unalipa?

Gari la kale likiingia gereji, kinachoamua gharama ni kutu kuliko injini. Injini hushushwa, ikabadilishwa ringi, beringi na gaskiti, kisha ikarudishwa mahali pake. Kazi ni kubwa, lakini fundi anaweza kuikadiria mapema. Kutu haikadiriki mpaka rangi ikwanguliwe na puti ya miaka mingi itolewe.

Land Rover za zamani, zilizoanza kuuzwa mwaka 1948, zinaonyesha jambo hili vizuri. Bodi zake zilitengenezwa kwa aloi ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Ndiyo maana gari lenye umri wa miaka 60 huweza kukaa shambani Arusha au Naivasha na bado likaonekana zima. Lakini chesisi yake ni ya chuma, na ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva ni wa chuma pia. Vyote viwili huoza kuanzia ndani. Pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu wa chumvi, kama ule wa Mombasa au Tanga, alumini nayo huliwa ikawa unga mweupe. Fundi mjuzi hulala chini ya gari na kugonga chesisi kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Anayetaka kununua asikubali kutoa pesa kabla ya kipimo hicho.

Mwenye Land Rover ana bahati, kwani spea zake bado zinatengenezwa, hata chesisi mpya iliyochovywa zinki. Gari lisilo na wapenzi wengi halina neema hiyo. Kioo, taa au mpira wa mlango huenda ukalazimika kutengenezwa kwa mkono. Ulaya, sehemu kubwa ya gharama ni saa za fundi. Afrika Mashariki ufundi ni nafuu, na mafundi hodari wa kuchomelea na kunyoosha bodi wapo, lakini kila spea inayoagizwa nje huja na nauli na ushuru juu yake.

Je, pesa hizo hurudi gari likiuzwa? Kwa magari mengi, hapana. Soko hulipia uhaba na historia. Februari 2015, jijini Paris, Ferrari 250 GT California iliyokuwa imefichwa miaka mingi bandani magharibi mwa Ufaransa iliuzwa kwa zaidi ya euro milioni 16, ikiwa na vumbi lake na bila kukarabatiwa. Magari ya aina hiyo ni machache mno, na hili liliwahi kumilikiwa na mwigizaji Alain Delon. Volkswagen Beetle, kwa upande mwingine, zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 hadi mwaka 2003, na rangi mpya haiwezi kuifanya Beetle ya kawaida kuwa adimu.

Uasilia nao una bei. Land Rover nyingi za Afrika Mashariki zimefungwa injini za Toyota au Nissan, uamuzi wa busara kabisa kwa mtu anayehitaji gari la kazi. Mkusanyaji, hata hivyo, hutaka namba ya injini ilingane na ile iliyotoka kiwandani, na hulipa pungufu isipolingana. Kwa anayetaka tu kuendesha gari la kale, njia nafuu ni kununua lililokwisha kukarabatiwa, kwa kuwa hasara imeshabebwa na mwenye gari wa kwanza. Ukarabati humfaa anayekusudia kubaki na gari hilo, hasa likiwa la familia, na aliyelipata likiwa na vipande vyake vyote.

Kazi ianzie kwenye chesisi, ifuatie breki, nyaya na injini. Rangi iwe ya mwisho. Wengi huanza na rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana, kisha huikwangua upya chuma kilicho chini yake kinapohitaji kuchomelewa. Na gharama haziishi siku gari linapotoka gereji. Likiegeshwa miezi mingi, petroli huchacha na kuziba kabureta, silinda za breki hukwama, na sili hukauka zikavujisha oili. Gari la kale lililokarabatiwa linahitaji kuendeshwa mara kwa mara, na bajeti ya mwenyewe sharti iwe na nafasi ya mafuta, matairi na fundi kila mwaka.