Dark Star (wimbo)

Dark Star ni wimbo wa bendi ya Grateful Dead kutoka Marekani. Maneno yake yaliandikwa na Robert Hunter. Ulitolewa mwaka 1968 kama singo ya dakika zisizofika 3, lakini umaarufu wake unatokana na rekodi za jukwaani.

Wanamuziki walibuni sehemu kubwa ya wimbo papo hapo, hivyo kila rekodi hutambulishwa kwa tarehe na mahali. Ile ya albamu Live/Dead, iliyopigwa Fillmore West, San Francisco, tarehe 27 Februari 1969, ina dakika 23 hivi. Ile ya Veneta, Oregon, ya tarehe 27 Agosti 1972, inazidi dakika 30.

Anayelinganisha hana budi kutenganisha upigaji na ubora wa sauti. Rekodi iliyochukuliwa kwenye mitambo ya bendi husikika safi; kanda za mashabiki, ambao kuanzia mwaka 1984 walitengewa sehemu yao ya kurekodia, huwa na makofi na mwangwi wa ukumbi. Kwa hiyo kanda hafifu yaweza kubeba upigaji bora zaidi.

Katika Grayfolded, John Oswald aliunganisha vipande vya rekodi zaidi ya 100 za wimbo huu.