KUCHAGUA MSUMENO WA MNYORORO WA KUKATIA KUNI

Wahenga walisema kwamba mwenye shoka hakosi kuni. Neno hilo lingali kweli, lakini siku hizi wakulima wengi wa mashamba yetu ya Isiolo, tangu Kinna na Rapsu hata Malka Daka na Merti, wanauliza habari za msumeno wa mnyororo, ule ambao watu huuita pawasoo. Wanauliza, “Ninunue upi?”

Ndugu mkulima, mashine hii ni ghali. Ukichagua vema itakufaa miaka mingi. Ukichagua vibaya, fedha za mbuzi kadhaa zitakaa pembeni mwa nyumba zikishika kutu, au, jambo lililo baya zaidi, mashine itakukata mguu. Shauri letu kubwa ni hili: mti wako ndio uchague msumeno, wala si mwenye duka.

Je, wauhitaji kweli?

Kama unakata kuni za jiko lako tu, shoka kali na msumeno wa mkono wa upinde vinatosha. Havili petroli, na vikiharibika utavitengeneza mwenyewe. Lakini kama kila juma unakata kuni za kuuza, au umepatana na shule kuwapelekea kuni, au una shamba lililofunikwa na mathenge ambalo wataka kulisafisha, hapo mashine ina faida.

Njia nyingine ni kushirikiana. Nyumba tano zaweza kununua msumeno mmoja mzuri badala ya kila mtu kununua mbovu. Lakini chagueni mtu mmoja au wawili waliofundishwa kuuendesha, na muwe na daftari la kuandika petroli, oili na matengenezo. Mashine ya watu wote isiyo na mwangalizi haidumu.

Kwanza pima mti

Usiende dukani kabla ya kupima miti unayoikata sana. Kazi hii ni rahisi. Zungusha kamba kwenye shina, pima urefu wa kamba hiyo, kisha gawanya kwa 3. Hesabu utakayopata ndiyo unene wa mti, kwa kadiri. Kwa mfano, kamba ikiwa sentimeta 60, unene ni kama sentimeta 20. Pima miti kumi hivi, uandike.

Mathenge huchipua mashina mengi kutoka mahali pamoja, na mengi ya hayo si manene. Lakini mti wake ni mgumu na mzito, na miiba yake hutoboa hata gurudumu. Kwa kazi hiyo wahitaji msumeno mwepesi kiasi, unaoweza kupenya kati ya mashina, na wenye nguvu za kutosha kukata mti mgumu pasipo kuchoka.

Upanga na injini

Bapa la chuma linaloshika mnyororo twaliita upanga. Upanga uwe mrefu kidogo kuliko unene wa miti unayoikata kila siku. Kwa kuni za unene wa sentimeta 15 hadi 30, upanga wa inchi 14 au 16 watosha. Gogo nene likitokea mara moja moja, likate upande huu, kisha upande wa pili. Upanga mrefu mno huongeza uzito, hula nguvu za injini, na ncha yake huwa mbali na macho yako, na hiyo ndiyo ncha yenye hatari.

Nguvu ya injini huhesabiwa kwa cc, kama ya pikipiki. Ziko daraja tatu:

1. Mashine nyepesi, za cc 30 hadi 35. Mfano ni Stihl MS 180, yenye cc 31.8 na uzito wa kilo 4 hivi. Hizi ni za kupunguza matawi na kukata kuni kidogo kidogo. Ukizitumia kutwa nzima juu ya mti mgumu zitakufa mapema.

2. Mashine za kati, za cc 40 hadi 50. Mfano ni Stihl MS 250, yenye cc 45.4 na uzito wa kilo 4 na nusu hivi. Kwa mtu akataye kuni kila juma, daraja hii ndiyo ifaayo.

3. Mashine kubwa, za cc 60 na zaidi. Mfano ni Stihl MS 382, yenye cc 72.2, nayo hupita kilo 6 kabla hujatia mafuta wala kufunga upanga. Hizi ni za kuangusha miti mikubwa na kupasua mbao. Kwa kuni ni kujitesa mgongo na kumwaga petroli bure.

Tumetaja mashine hizo ili mjue vipimo, wala si kusema kwamba za viwanda vingine hazifai. Ziko pia za betri. Hazina moshi wala kelele nyingi, lakini zataka umeme wa kuchaji, na betri huisha kabla ya kazi kubwa kwisha.

Uliza spea kabla ya kuuliza bei

Mashine isiyo na spea karibu ni chuma tu. Uliza kama plagi, chujio la hewa, gia, upanga na mnyororo hupatikana Isiolo au Meru. Jihadhari na mashine za kuigwa, zilizopakwa rangi na kuandikwa jina la kiwanda maarufu lakini hazikutoka huko. Nunua kwa wakala anayejulikana, tazama namba iliyopigwa kwenye bodi, na udai risiti pamoja na karatasi ya dhamana.

Kumbuka pia kwamba mnyororo, upanga na gia sharti vilingane kwa namba zake. Namba hizo hupigwa juu ya upanga. Ziandike katika daftari lako, ili usirudi kutoka mjini na mnyororo usioingia.

Tupa ni rafiki wa msumeno

Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa Oregon huko Marekani, jina lake Joseph Cox, alimtazama buu akila kisiki. Akaona kwamba buu hakuparuza mti mbele tu, bali alikata kushoto na kulia. Kwa mfano huo akatengeneza mnyororo, na mwaka 1947 akaanza kuuuza. Minyororo ya leo hufuata mfano huo: jino moja hutazama kushoto, la pili kulia.

Maana yake kwako ni hii: ukinoa, noa meno ya pande zote mbili sawasawa, kila jino kwa idadi ile ile ya mapigo ya tupa. Ukipendelea upande mmoja, msumeno utakwenda upogo. Tupa iwe ya mviringo na ya kipimo chake. Mashine nyingi nyepesi hutumia tupa ya milimita 4, na nyingi za kati milimita 4.8. Mnyororo mkali hutoa vipande vya mti. Ukitoa unga, umekuwa butu. Usiusukume kwa nguvu. Zima mashine, unoe.

Adui mkubwa wa mnyororo hapa kwetu ni mchanga. Magogo yaliyolala kandokando ya mto Ewaso Nyiro huwa na mchanga katika magamba. Yapanguse kwanza, na usiache ncha iguse ardhi hata mara moja. Jioni safisha chujio la hewa, maana vumbi letu huliziba upesi.

Petroli na oili

Injini hizi nyingi hutumia petroli iliyochanganywa na oili ya injini za mipigo miwili. Fuata kitabu cha mashine yako. Kama chasema 50 kwa 1, basi lita 5 za petroli zataka mililita 100 za oili. Kama chasema 25 kwa 1, zataka mililita 200. Petroli tupu huua injini kwa muda mfupi. Changanya ya kukutosha majuma machache tu, na uiweke kivulini.

Oili ya mnyororo hutiwa katika tangi lake peke yake. Kila utiapo petroli, tia na hiyo. Usitie oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari; ina vumbi la chuma, na hudhuru ngozi.

Mguu haununuliwi dukani

Mnyororo hukimbia kama mita 20 kwa sekunde moja, na mkono wa mtu hauwezi kujiondoa kwa upesi huo. Kwa hiyo usinunue msumeno usio na breki ya mnyororo, na uijaribu breki hiyo kila asubuhi. Hesabu pia bei ya kofia ngumu yenye wavu wa uso, vizuia kelele, glavu, viatu vigumu na suruali maalum ya kuzuia mnyororo. Kama fedha hazitoshi vyote, nunua mashine ya bei ndogo zaidi pamoja na vifaa hivi, wala si mashine kubwa peke yake.

Shika kwa mikono miwili. Usikate juu ya mabega. Usikate kwa sehemu ya juu ya ncha, maana hapo msumeno huruka nyuma kuelekea usoni. Usifanye kazi peke yako, na watoto na mbuzi wawe mbali.

Ukate nini, uache nini

Mathenge uliletwa nchini kuzuia jangwa na kutoa kuni, lakini ulienea kupita kiasi, na mwaka 2008 Serikali iliutangaza kuwa gugu baya. Kata huo bila huruma. Lakini ukiukata juu ya ardhi tu, utachipua tena. Kata mashina kwa msumeno, kisha chimba kwa jembe na ukate kisiki kwa shoka, sentimeta 10 au zaidi chini ya ardhi. Msumeno usiingie humo shimoni.

Mgunga ni habari nyingine. Waborana wauita dadacha, na wajua kwamba wakati wa kiangazi maganda ya mbegu zake hulisha mbuzi na kivuli chake huwapumzisha ng’ombe. Shoka huangusha mgunga kwa muda mrefu, na mtu hupata nafasi ya kufikiri. Msumeno huuangusha kwa dakika chache. Basi fikiri kabla ya kuwasha. Katika malisho ya jumuiya, pata ruhusa ya wazee wa dedha. Katika msitu wa umma, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 yakataza kukata miti au kuingia na msumeno wa namna hii pasipo kibali. Na kabla ya kusafirisha kuni za kuuza, mwone ofisa wa misitu upate karatasi zako.

Kabla ya kutoa fedha, jiulize maswali haya: Miti yangu ni minene kiasi gani? Nitakata mara ngapi kwa juma? Spea ziko wapi? Breki inashika? Fedha za kofia, suruali na tupa zimebaki? Ukiweza kuyajibu yote, nenda dukani. Kama moja limekushinda, mwone kwanza Bwana Shamba au Bibi Shamba wa wadi yako, na shoka liendelee na kazi.