Tairi Pana Liende Mbele: Fizikia ya Baiskeli ya Mlimani

Mwanafunzi anayo baiskeli ya mlimani yenye matairi mawili yaliyochakaa, na fedha alizo nazo zinatosha kununua tairi moja tu. Analinunua: jipya, pana kuliko yale ya zamani, lenye meno marefu. Je, alifunge kwenye gurudumu lipi?

Aghalabu atashauriwa alifunge nyuma. Hoja yenyewe si ya kipumbavu. Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito, ndilo linalozungushwa na mnyororo, na ndilo linaloisha tairi upesi. Hivyo kipara hubaki mbele na meno mapya huenda nyuma. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba ushauri huo, hata ukitolewa kwa nia njema, unaweza kumvunja mtu mfupa. Hatutahitaji hesabu ngumu. Fizikia ya shule ya sekondari yatosha.

Chimbuko la tairi pana

Tairi lenye upepo ndani lilianza kutumika kwenye baiskeli baada ya mwaka 1888, pale John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipopata hataza ya uvumbuzi wake. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amelijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Mnamo 1933 kampuni ya Schwinn ya Chicago ilianza kuuza baiskeli zenye matairi manene ya upana wa inchi 2.125, yaani milimita 54 hivi. Zilikuwa baiskeli nzito, zikipendwa na vijana, na baadaye nyingi ziliachwa zikipata kutu katika mabanda.

Ndizo zilizofufuliwa na vijana wa wilaya ya Marin, kaskazini ya San Francisco, katika miaka ya 1970. Walizipandisha milimani na kushuka nazo kwa kasi katika njia za mawe na vumbi. Kuanzia Oktoba 1976 walishindana katika mteremko mmoja ulio karibu na mji wa Fairfax, unaoshuka mita 400 hivi kwa mwendo wa kilomita zipatazo tatu na nusu. Breki za baiskeli hizo zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Zilipata moto hata grisi ikageuka moshi, na baada ya kila mshuko ilibidi kitovu kifunguliwe na kupakiwa grisi upya. Ndiyo maana mteremko huo uliitwa Repack, yaani „pakia tena”.

Miongoni mwa washindani hao walikuwamo Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly. Mnamo 1977 Breeze aliunda fremu mpya kwa ajili ya kazi hiyo, na mnamo 1981 baiskeli ya mlimani ya kwanza iliyotengenezwa kwa wingi, Stumpjumper, ilitoka kiwandani. Mwaka 1996 mchezo huo uliingia katika Michezo ya Olimpiki huko Atlanta. Inafaa msomaji akumbuke kwamba wakati huo baiskeli za barabarani, zenye matairi ya upana wa milimita 32 au pungufu, zilikuwa nyingi, nyepesi na nzuri. Wale vijana waliziacha wakachagua vyuma vizito vya zamani, na sababu moja kubwa ilikuwa tairi pana.

Upana na kanieneo

Kanieneo ni kani inayokandamiza eneo, ikigawanywa kwa eneo hilo. Tuchukue mwendeshaji na baiskeli yake wakiwa na tungamo ya kilo 80, yaani uzito wa nyutoni 800 hivi, na tuseme asilimia 40 ya uzito huo iko juu ya gurudumu la mbele. Gurudumu hilo basi hubeba nyutoni 320. Tukijaza upepo hadi kanieneo ya kilopaskali 200, ambayo kwenye pampu nyingi husomeka kama pauni 29 kwa kila inchi ya mraba, kila sentimita ya mraba ya tairi inayogusa ardhi itabeba nyutoni 20. Kwa hiyo eneo linalogusa ardhi ni 320 gawanya kwa 20, yaani sentimita za mraba 16 hivi. Tunasema „hivi” kwa sababu ugumu wa kuta za tairi nao hubeba sehemu ndogo ya uzito.

Msomaji makini ataona jambo la kushangaza: katika hesabu hii upana wa tairi haukutajwa kabisa. Tairi jembamba na tairi pana, yakiwa na kanieneo moja na mzigo mmoja, hugusa ardhi kwa eneo linalokaribiana. Kinachobadilika ni umbo la eneo hilo. La tairi jembamba ni refu na finyu, na la tairi pana ni fupi na lililotanuka.

Faida ya tairi pana, basi, iko wapi? Iko katika ruhusa ya kupunguza upepo. Mkazo katika kitambaa cha tairi ni sawa na kanieneo mara nusu ya upana wa tairi. Tairi la milimita 50 lenye kilopaskali 200 lina mkazo wa nyutoni 50 kwa kila sentimita ya urefu wake. Tairi la milimita 60 lenye kanieneo hiyohiyo litakuwa na nyutoni 60, nalo litakuwa gumu zaidi na litarukaruka juu ya mawe. Ili mkazo urudi kuwa 50, hatuna budi kupunguza kanieneo hadi kilopaskali 167 hivi, sawa na pauni 24. Hapo eneo linalogusa ardhi hupanda kutoka sentimita za mraba 16 hadi 19. Yeyote anayefunga tairi pana kisha akalijaza upepo kama lile la zamani amenunua faida halafu akaifungia sandukuni.

Tairi jembamba likipunguzwa upepo namna hiyo, mara litakapogonga jiwe litabonyea hadi kwenye rimu, na tyubu itabanwa kati ya jiwe na chuma na kutoboka matundu mawili kwa mpigo. Tairi pana ni refu pia kwa kimo, kwa hiyo lina nafasi zaidi ya kubonyea kabla ya kufika kwenye rimu.

Kanuni ya msuguano yasemaje?

Hapa mwanafunzi ana haki ya kunyosha mkono. Darasani alifundishwa, kwa mujibu wa kanuni zilizotolewa na Amontons mwaka 1699 na kuthibitishwa na Coulomb katika karne iliyofuata, kwamba msuguano hautegemei ukubwa wa eneo linalogusana, bali hutegemea kani inayokandamiza. Sasa sentimita tatu za mraba zaidi zina maana gani?

Swali ni zuri, na jibu lake lina sehemu tatu. Kwanza, kanuni hiyo huelezea vizuri vitu vigumu na vikavu, na mpira haumo katika kundi hilo. Mpira hubonyea na kuingia katika mikwaruzo ya uso unaoukalia, kwa hiyo huifuata kanuni hiyo kwa kukaribia tu. Pili, katika njia ya udongo na kokoto tairi halishiki kwa kusuguana peke yake. Meno yake huzama katika udongo, na mwili wake laini hulikumbatia jiwe badala ya kukaa juu ya ncha yake. Ili tairi lisogee kando ni lazima udongo wenyewe ukatike. Tatu, na pengine hili ndilo kubwa kuliko yote, tairi gumu hurukaruka. Gurudumu likiwa hewani, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, kani inayokandamiza ni sifuri, na msuguano nao ni sifuri. Tairi laini hubaki chini, na lililo chini ndilo liwezalo kushika.

Kwa nini mbele?

Tufikiri sasa kuhusu breki. Mwendeshaji wetu anapopunguza mwendo, uzito huhama kutoka gurudumu la nyuma kwenda la mbele. Kiasi kinachohama ni tungamo, mara kiwango cha kupunguza mwendo, mara kimo cha kitovu cha uzito, gawanya kwa umbali kati ya magurudumu mawili. Tuseme kimo hicho na umbali huo vyote ni mita 1.1, na mwendo unapungua kwa mita 3 kwa sekunde kwa sekunde. Uzito unaohama ni 80 mara 3, yaani nyutoni 240. Gurudumu la mbele lililobeba 320 sasa linabeba 560, na la nyuma lililobeba 480 limebaki na 240. Kwenye mteremko hali huzidi, kwa kuwa mteremko wenyewe husukuma uzito mbele kabla breki haijaguswa. Kwa hiyo dai kwamba gurudumu la nyuma ndilo linalobeba kazi kubwa ni kweli kwenye tambarare na kwenye mpando, lakini si kweli pale penye hatari.

Sababu ya pili ni ya mizani. Baiskeli husimama wima kwa sababu mwendeshaji, mara nyingi bila kujua, huuelekeza usukani upande anaoangukia ili magurudumu yarudi chini ya kitovu cha uzito. Gurudumu la nyuma likiteleza, la mbele bado linashika na linaongoza. Baiskeli huyumba mkia, moyo hudunda, lakini mara nyingi mtu hujiokoa. Gurudumu la mbele likiteleza kwenye kona, chombo cha kurudishia mizani chenyewe ndicho kilichopotea. Magurudumu hukimbilia kando, mwili huanguka, na bega au kiganja hutangulia ardhini pasipo na muda wa kufikiri.

Tairi la nyuma lililochakaa, basi, humgharimu mtu jasho kwenye mpando, kwani litazunguka bure. Tairi la mbele lililochakaa laweza kumgharimu mfupa. Ndiyo sababu waendeshaji wengi wa milimani huweka mbele tairi pana zaidi na lenye meno makubwa, na nyuma tairi jembamba kidogo linalobiringika kwa wepesi.

Gharama ya upana

Hata hivyo tusilifanye tairi pana kuwa dawa ya kila ugonjwa. Tairi pana ni zito, na uzito ulio ukingoni mwa gurudumu hudai nishati karibu mara mbili ya uzito uliotulia juu ya fremu, kwa kuwa husafiri na kuzunguka kwa wakati mmoja. Katika tope jepesi lililolala juu ya ardhi ngumu, tairi jembamba hukata na kufika chini, ilhali lile pana huelea na kuteleza. Kwenye mchanga mwingi mambo hugeuka, na kule kuelea huwa ndiko kunakotakiwa.

Kabla ya kununua, mambo matatu yapimwe. La kwanza ni kipenyo. Ubavuni mwa tairi husomeka namba kama 54-559: 54 ni upana kwa milimita, na 559 ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu. Namba hii ya pili ni lazima ilingane na ya rimu. Tusidanganywe na maneno „inchi 26” peke yake, kwani yako matairi ya inchi 26 yenye vipenyo vya 559, 571, 584 na 590, na hayabadilishani.

La pili ni upana wa rimu. Tairi pana mno juu ya rimu nyembamba hulegea na kuyumba kwenye kona. La tatu ni nafasi ndani ya uma wa mbele. Iachwe angalau milimita tano kila upande na juu, na zaidi kwa njia za tope. Ikiwa uma una springi, ubonyezwe hadi mwisho wake na kuhakikisha kwamba tairi haligusi popote. Tairi likigusa uma katika mwendo, gurudumu hukwama na mwendeshaji hurushwa mbele ya usukani. Hapo tairi lililonunuliwa kwa ajili ya usalama litakuwa limeleta balaa.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kuyathibitisha haya kwa vifaa vichache: baiskeli, pampu yenye kipimo, mizani ya duka la nafaka, karatasi yenye miraba ya sentimita, na wino au masizi yaliyochanganywa na mafuta. Mwanafunzi mmoja akae juu ya baiskeli huku wawili wakimshikilia. Gurudumu la mbele likae juu ya mizani, na la nyuma liinuliwe kwa ubao hadi kimo cha mizani. Kani isomwe. Kisha tairi lipakwe wino, likandamizwe kwenye karatasi kwa mzigo uleule bila kubiringika, na miraba ndani ya mpaka wa alama ihesabiwe. Zoezi lirudiwe kwa kanieneo tatu tofauti.

Kani ikigawanywa kwa eneo, jibu litakaribia kanieneo ya pampu bila kulingana nayo barabara. Wanafunzi waulizwe sababu. Wengine watataja ugumu wa tairi, wengine nafasi zilizo kati ya meno, na wote watakuwa wamegusa ukweli.

Turudi kwa mwanafunzi wetu na tairi lake moja. Alifunge mbele. Lile lililokuwa mbele, ambalo kwa kawaida huwa limechakaa kidogo kuliko la nyuma, alihamishie nyuma, na lile la nyuma alitupe. Atakapopata fedha tena afanye vivyo hivyo. Atakuwa amenunua idadi ileile ya matairi kama jirani yake anayefunga jipya nyuma. Tofauti ni kazi ya nusu saa kila mara, na kwamba daima meno mapya yatakuwa mbele, mahali ambapo kuteleza hakuna msamaha.