Mgeni Njoo, na Mbwa Wako

Mtu akishuka matatu kwenye Barabara Kuu ya Thika na kuingia Membley kwa miguu, hapa kwetu Ruiru, maandishi ya kwanza yatakayompokea si karibu bali ni onyo. Lango baada ya lango limebandikwa kibao chenye maneno mawili: Mbwa Mkali. Langu pia lilikuwa nacho, ijapokuwa mbwa niliyemfuga alikufa zamani. Mbwa alikufa, kibao kikabaki, na wapita njia wakaendelea kuvuka upande wa pili wa barabara kwa hofu ya mnyama asiyekuwako.

Kibao hicho kilinijia akilini majuzi nilipopata barua kutoka Marekani. Aliyeniandikia ni binti wa mtaa huu, asiyeona tangu utotoni, niliyemfundisha Kiswahili alipokuwa shuleni. Sasa ni mtu mzima mwenye kazi yake na mshahara wake, na ana mbwa wa kumwongoza. Alinieleza kwamba amekusudia kuja kumwona mama yake, lakini hataki kuja kwa ndege moja kwa moja. Ataruka hadi Cape Town, kisha apande meli ya kitalii, peke yake na mbwa wake, ashukie Mombasa. Alisema kwamba tangu siku niliyowasimulia darasani habari za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, alitamani kuingia mji ule kwa mlango wake wa asili, yaani bahari. Meli alizozipata ni mbili. Akaniuliza achague ipi.

Nami, msomaji, nilimjibu vibaya. Nilimwandikia kwamba achague yoyote, ila mbwa amwache huko huko, kwa maana huku kwetu tupo wengi wa kumshika mkono. Jibu lake lilikuwa sentensi moja: "Mwalimu, ni miaka tisa sasa sijashikwa mkono na mtu nisiyemwomba." Niliisoma mara tatu, nikatambua kwamba nilikuwa nimemwambia mtu mzima arudi utotoni ili sisi tupate kumpokea. Nikaona haya. Kwa hiyo nilianza kuuliza na kusoma, na niliyoyapata ndiyo ninayowaletea walimu wenzangu na wanafunzi leo.

Mbwa wa kuwaongoza wasioona si jambo la jana. Shule ya kuwafundisha ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka wa 1916, kwa ajili ya askari waliopofushwa vitani. Marekani ilipata shule yake, The Seeing Eye, mwaka wa 1929, na Uingereza ilikabidhi mbwa wake wanne wa kwanza mwaka wa 1931. Hata barani mwetu, Afrika Kusini ina chama cha kazi hiyo tangu 1953.

Wengi wetu hudhani kwamba mbwa huyo ndiye anayejua njia. La hasha! Anayejua njia ni mwenyewe. Yeye ndiye anayeamua kwenda sokoni au kazini, naye huamuru kulia, kushoto au mbele. Kazi ya mbwa ni kukwepa shimo, nguzo na gari, na kusimama penye ngazi. Lakini lililonistaajabisha mimi kama mwalimu ni hili: mbwa huyo hufundishwa pia kukataa. Akiamriwa kuvuka barabara huku gari linakuja, hukaidi amri na kusimama pale pale. Ni utii wenye akili ndani yake, utii ambao wengi wetu hatujafaulu kuwafundisha wanafunzi wenye macho mawili.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wa meli. Jambo la kwanza ambalo msafiri wa namna hii hupaswa kuuliza si ukubwa wa meli wala chakula chake, bali orodha ya bandari. Kila nchi ina masharti yake kuhusu wanyama: kibali cha kuingia, cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, pengine na vipimo vya damu vinavyochukua miezi. Pasipo hati hizo, mbwa hukatazwa kushuka. Na kwa kuwa kampuni nyingi za meli haziruhusu mbwa aachwe chumbani bila mtu, bandari inayomkataa mbwa humkataa mwenyewe pia, abaki melini akisikiliza wenzake wakishuka. Kwa hiyo meli inayopita bandari nane inaweza kuwa duni kwake kuliko inayopita tatu.

La pili ni haja za mnyama. Kampuni nyingi, zikiarifiwa mapema, huandaa kisanduku cha vipande vya miti au nyasi, cha upana wa kama mita moja na robo, mbwa ajisaidie humo. Ni lazima mbwa azoeshwe kukitumia nyumbani kabla ya safari, maana aliyezoea udongo hustahimili hadi akaumia. Ni vizuri pia kuuliza kisanduku kitawekwa sitaha gani, na chumba kiwe karibu nacho. Chakula cha mbwa huja na mwenyewe, cha kutosha safari nzima na akiba juu yake.

La tatu ni namna ya kushuka. Ziko bandari ambamo meli hutia nanga mbali, na abiria huteremshwa katika mashua ndogo inayoyumba. Meli inayofunga gatini ni afadhali. Bandari ya Mombasa imejaliwa katika hili, kwa kuwa ina kina cha kutosha na jengo maalumu la kuwapokea abiria wa meli za kitalii.

La nne ni gharama. Vyumba vya melini hupangiwa bei ya watu wawili, na asafiriye peke yake mara nyingi hulipa karibu maradufu, ingawa tangu 2010 baadhi ya meli zimejengewa vyumba vya mtu mmoja. Mbwa hatozwi nauli. Hivyo mwanafunzi wangu atalipia nafasi ya mwenzi asiyekuwapo, na mwenzi aliyenaye atasafiri bure!

La tano husahauliwa na wengi: safari ya kurudi. Tangu Agosti 2024, Marekani humtaka mbwa anayerudi kutoka nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, na Kenya imo, awe na kitambulisho cha kielektroni chini ya ngozi, pamoja na hati ya chanjo ya huko iliyoidhinishwa na maofisa wa serikali kabla hajaondoka. Asiyejiandaa huenda akarudi yeye, mbwa asirudi naye.

Msomaji atauliza: kwa nini kampuni za meli zijisumbue hivi? Jawabu ni kwamba watu walidai. Marekani ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka wa 1990. Baadhi ya wenye meli walishikilia kwamba haiwahusu, kwa kuwa meli zao zilipeperusha bendera za nchi nyingine kama Bahamas. Abiria wenye ulemavu walikwenda mahakamani, na mwaka wa 2005 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba sheria hiyo huzihusu hata meli za kigeni zinapokuwa katika maji ya Marekani. Ukarimu wa melini, basi, haukushuka kutoka mbinguni, ulidaiwa.

Hapo ndipo niliposhika kalamu na karatasi nikachora safari nzima, toka Cape Town hadi lango la mama yake. Baharini kote nilipata majibu. Ugumu ulianzia gatini Mombasa. Nani atamruhusu kuingia hotelini? Utingo gani wa matatu atakubali mbwa apande? Mlinzi wa lango la mtaa wetu atasema nini? Maelfu ya maili ya maji yalikuwa mepesi. Zilizonitoa jasho ni hatua za mwisho, nazo zote ziko nyumbani kwetu.

Sisemi kwamba hofu yetu haina msingi. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishadhihiri ni kifo karibu daima, na taifa letu limejiwekea lengo la kukomesha vifo hivyo kufikia 2030. Mtoto anayefundishwa kuogopa mbwa wa kuzurura amefundishwa jambo la maana. Lakini mbwa mwongozaji amechanjwa, amefundwa, na amefungwa mkanda wenye kishikio ambao ndio sare yake ya kazi.

Wala sisemi tuipuuze dini. Mombasa ni mji wenye Waislamu wengi, na katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo sana pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo huruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda, na Kurani Tukufu imemtaja mbwa wa watu wa pangoni katika Sura ya Al-Kahf. Mwaka wa 2008, msikiti mmoja wa Leicester, Uingereza, ulimruhusu kijana asiyeona kufika na mbwa wake, mbwa akingoja nje ya ukumbi wa swala. Penye heshima ya pande zote mbili, mahali pa kungojea hapakosekani.

Na sheria yetu je? Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote na kutumia usafiri wa umma, kwa kiasi kinachofaa, na haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Kifungu hicho hakimtaji mbwa. Wanafunzi wa sarufi watanong'ona kwamba mbwa hawezi kuwa kifaa, kwa kuwa yumo katika ngeli ya A-WA. Ni kweli. Lakini haki ni ya mtu, si ya mbwa; na mtu akinyimwa macho anayotumia, mahali pamekwisha kufungwa kwake hata kama mlango u wazi.

Tuna wajibu wa pekee sisi wakazi wa sehemu hizi. Thika, mwendo mfupi tu kutoka Membley, pana shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946. Vizazi na vizazi vya wasomi vimetoka pale. Tumewazoea na fimbo zao nyeupe, na twajua kuwapisha. Kilichobaki ni kujifunza kwamba fimbo yaweza kuwa na miguu minne.

Walimu, somo hili halihitaji fedha. Wafundisheni wanafunzi mambo manne. Mbwa aliyevaa mkanda wa kazi haitwi, hapapaswi wala halishwi. Anayezungumziwa ni mtu, si mbwa. Msaada huulizwa kwanza, hausukumizwi. Na mwenye mbwa wake nyumbani amfungie, kwa maana mbwa anayeruka ukuta kumbwekea mwongozaji anahatarisha uhai wa binadamu.

Wahenga walisema, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Nilidhani methali hii ni faraja kwa wasioona. Nimetambua kwamba ni onyo kwa sisi tunaoona.

Nimemwandikia tena mwanafunzi wangu. Nimemshauri achukue meli ndogo, yenye bandari chache, inayofunga gatini, na aombe majibu yote kwa maandishi, kuanzia kwa kampuni ya meli hadi idara ya mifugo na hoteli ya Mombasa. Nimemwahidi kumngoja bandarini na gari la jirani aliyekubali, baada ya maelezo marefu, kumpakia mbwa. Nimezungumza na mlinzi wa lango la mtaa, naye ameniuliza swali moja tu: huyo mbwa anaitwaje, ili amwandike katika daftari la wageni.

Kibao changu nimekwisha kukibandua. Mama mtu bado hajakibandua chake, lakini ameniambia atafanya hivyo siku meli itakapotia nanga. Mgeni njoo, mwenyeji apone.